Maji ya Bwawa la Mwisho

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungusha sana mtadhani ni kubwa kuliko ilivyo. Nilipokuwa mtoto nilimpa bibi yangu maji ya vyoo vya mji wa Arua atawadhie. Nilimpa kwa moyo mweupe kabisa, nikijiona mjanja kuliko mtaa mzima wa Oli, na wala si mara moja. Nilimpa mpaka nikawa na kijia changu mwenyewe majanini, kilichokanyagwa na miguu yangu peke yake.

Habari hii nilikuwa nimeisahau, au nilijifanya nimeisahau, hadi juzi gari la kunyonya vyoo lilipokuja kwa jirani na kuegeshwa chini ya dirisha langu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanangu hunitania kwamba safari yangu ndefu ni ile ya kutoka jikoni hadi barazani, na kwamba kwangu mimi Koboko, mji wa jirani tu, ni ng'ambo. Kwa hiyo dereva alipowasha pampu yake, wenye miguu myepesi walikimbia, mimi nikabaki na kiti changu. Harufu ikaja. Mjukuu wangu alijifunika uso kwa shuka. Mimi nikajikuta nimeinua pua kama mtu anayepita nyuma ya jiko la mama yake, maana ndani ya harufu ile, chini ya ule ukali unaomjia kila mtu kwanza, kulikuwa na nyingine ninayoijua: ya tope lililokaa juani, ya sabuni iliyochoka, ya majani mabichi yaliyokatwa asubuhi. Nikamwona Haboba ameketi uani, mikono yake imelowa hadi viwikoni.

Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Wangu ndiye aliyenilea, katika nyumba ya vyumba viwili na ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Alikuwa msusi. Kawa zake za kufunikia chakula zilitundikwa ukutani, nyekundu, zambarau, kijani, nami nilizaliwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kukaa kando yake nikitenga majani yaliyotiwa rangi, kila rangi na fungu lake. Watoto wengine walikwenda kutazama malori na askari. Mimi nilikwenda kutazama malori mara moja, nikapata vumbi la macho, nikarudi.

Mama yangu alikuwa Koboko na baba. Baada yangu alijifungua tena, na tena, na watoto wote wawili hawakukaa. Sisi watoto hatukuambiwa mambo kama hayo, lakini ukitenga majani kimya kando ya wanawake wanaoongea, watasahau kwamba una masikio. Hivyo nilijua kwamba mama ana mimba nyingine, kwamba iko karibu, na kwamba mara ya mwisho nusura aondoke yeye pamoja na mtoto. Haboba alitaka kwenda. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama mapapai na barabara ya Koboko msimu ule wa mvua ilikuwa tope tupu.

"Magoti iko mabaya," aliwaambia wanawake kwa Kiswahili cha mtaani kwetu. "Hapana naweza panda lori. Lakini ya kushuka chini kwa msala ya swala, hiyo bado najua."

Basi akawa anaomba. Aliswali swala zake zote, na kila akimaliza aliinua mikono na kukaa hivyo muda mrefu, midomo ikitembea, na katikati ya Kiarabu nilisikia jina la mama yangu likipita, tena likipita, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango ulio wazi. Nami nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba mama yangu amening'inia kwenye mikono ile miwili. Ikishuka, anaanguka.

Sasa ndipo maji yakakatika.

Mliokua miaka ile ya utawala wa askari mnajua jinsi vitu vilivyokuwa vikitoweka. Leo sabuni, kesho chumvi, keshokutwa mtu. Bomba la pale pembeni mwa mtaa lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Watu walisema pampu ya upande wetu imekufa, na fundi aliyeijua aliondoka zamani na wenzake, wageni walipofukuzwa nchini, na kipuri hakipatikani. Waliyasema kwa sauti ndogo, kama kila kitu kilivyosemwa wakati ule. Tulibaki na mto Oli, uliojaa na kuwa mzito kama uji wa mtama, na watu wa kuuchota walikuwa wengi kuliko nafasi ya kukanyaga. Kile nilichoweza kubeba kichwani kilitosha kunywa na kupika. Cha kutawadhia hakikubaki.

Haboba hakuhangaika. Alipiga viganja vyake juu ya udongo mkavu wa ukuta, akapaka uso, akapaka mikono, akasimama kuswali. Nilimwuliza kama inafaa.

"Udongo iko safi," akasema. "Mungu iko najua pampu imekufa."

Lakini mimi sikuridhika. Swala za siku za kawaida, sawa, udongo. Kwa jambo la mama yangu niliona ni kama kwenda arusini umevaa gunia. Na mimi nilikuwa nimesoma. Madrasa tulikuwa tumefikia mlango wa maji, tukauimba mpaka kuku wa mwalimu wakauzoea: maji safi yanajulikana kwa rangi yake, kwa harufu yake, kwa ladha yake. Kilichobadilika katika hivyo vitatu, kiache. Nikajiambia kazi yangu ni ndogo. Ni kutafuta tu.

Nami nilijua pa kutafuta.

Upande wa chini wa mji, kabla hujaufikia mto, kulikuwa na waya wa miba uliolegea, na nyuma yake majani marefu laini ambayo Haboba alinituma kuyakata kwa ajili ya kusuka. Nyuma ya majani kulikuwa na kingo za udongo, zimepandwa nyasi, na ukipanda juu ya ukingo, mbele yako yalifunguka maji. Nyinyi mnaosafiri mmeona bahari na maziwa makubwa. Mimi niliona haya. Yalikuwa mabwawa matatu, yamepangwa yakishuka, moja likimwagia jingine. La juu lilikuwa jeusi na lilichemka povu polepole, kama sufuria iliyosahaulika. La kati lilikuwa kijani, kijani cha kweli, ambacho Haboba hakuwahi kukipata katika rangi zake zote. La mwisho lilikuwa na mbingu ndani yake. Mawingu yalipita humo. Yangeyange weupe walisimama kando kama watu waliovaa kwa ajili ya Ijumaa, kereng'ende walining'inia hewani, na bata maji walipita na watoto wao nyuma, wakichora mstari uliopanuka mpaka ukanifikia miguuni. Kulikuwa na kelele ya vyura na, mbali juu, ngurumo ya bomba isiyokatika. Kila nilipofika pale nilisahau kukata majani.

Kwa kichwa changu nilikuwa nimekwisha kuelewa mahali pale ni nini. Maji machafu yanaingia juu, maji safi yanatoka chini. Kuna bomba kubwa. Kuna waya wa serikali. Kuna mzee mwenye reki ndefu ambaye hutembea juu ya kingo siku nzima na mbuzi wake wawili. Bila shaka hapa ndipo wanapotengeneza maji ya bomba ya mji wa Arua. Wanachota mto, wanaupitisha humu, unatoka kioo. Na ile harufu ya juu? Ile ni dawa. Kwinini ilikuwa chungu, mafuta ya samaki yalinuka, dawa yoyote ya maana lazima ikuudhi. Nilimheshimu sana yule mzee. Nilidhani ni mkubwa kuliko mkuu wa wilaya, maana mkuu wa wilaya angekufa kiu bila yeye. Nilimpigia magoti kila nilipopita, naye kila mara alitazama nyuma yake kuona nampigia nani.

Kilichonishangaza ni mtaa. Mtaa mzima umekauka koo, watu wanagombana mtoni, na maji haya yamelala hapa yakitazama ndege. Nikaamua kwamba wanaogopa waya. Au hawajui. Nikawahurumia.

Asubuhi moja nikachukua debe dogo la samli, nikapita chini ya waya, nikashuka mpaka bwawa la mwisho. Nikayachota kwa kiganja. Rangi: niliona mistari ya mkono wangu mpaka chini. Harufu: majani, na viluwiluwi kidogo. Ladha.

Nilitoa ncha ya ulimi. Nikaukaribisha. Ulimi ukarudi nyumbani peke yake.

Nikajaribu tena, ukarudi tena. Basi nikajiambia mbili kati ya tatu ni alama nzuri; shuleni kwetu kuna waliopanda darasa kwa chini ya hapo. Nikajaza debe.

"Maji natoka wapi?" Haboba aliuliza nilipomimina kwenye birika yake.

"Kule kwa bomba kubwa."

Haukuwa uongo. Akainua birika, akajimiminia mkononi, akasukutua, akapandisha puani, akaosha uso wake mpana uliokuwa umekauka kwa vumbi la siku nyingi. Maji yakashuka kwenye mikunjo ya shingo. Akafumba macho.

"Iko baridi," akasema. "Iko muzuri. Mungu akupe."

Siku ile aliomba mpaka kivuli cha nyumba kikatuvuka. Nami nilikaa nyuma yake, nimevimba kwa fahari, nikiiona mikono ile ikipanda juu kuliko jana. Nikawa nachota kila alfajiri na kila alasiri. Ijumaa nilichota zaidi, kwa sababu ya heshima ya Ijumaa.

Nyumba ya pili na yetu alikaa Mama Candiru. Alikuwa Mlugbara, mzaliwa wa Adumi, Mkristo wa kuimba kwa nguvu, na alifua mashuka hospitalini. Yeye na Haboba walikuwa na urafiki wa kutukanana. Haboba alimwita mla nguruwe, yeye alimwita Haboba bibi arusi, kwa ajili ya udi na marashi. Mama Candiru alimletea mchicha, ambao sisi huku tunauita dodo, dodo ya majani mapana kama sikio la tembo, hata wakati bustani za wengine zimeungua kwa jua. Kila mtu alimwuliza siri yake, naye alisema ni jasho.

Jumanne moja, alasiri, natoka na debe langu kichwani, nikakata kona chini ya ukingo wa mwisho, pale mabwawa yanapotoa mfereji wake mdogo kuelekea mtoni, nikakanyaga dodo. Mama Candiru alisimama katikati ya bustani na jembe. Tukatazamana. Wala mimi wala yeye hatukupenda kuonekana pale.

"Wewe binti. Natoka wapi na hii debe?"

"Kule juu."

"Juu wapi? Juu kwa Mungu?"

"Kwa mabwawa."

"Hii maji iko ya nini?"

"Ya Haboba," nikasema. "Ya udhu."

Aliliweka jembe chini taratibu. "Ya kunawa uso?"

"Na mdomo," nikasema, maana nilipenda kueleza mambo kamili. "Na pua."

Mama Candiru akakaa chini, palepale juu ya dodo yake ya kuuza, akafunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika. Nilidhani analia mpaka nikaona machozi yenyewe ni ya aina gani. Aliponyanyuka alikuwa amekwisha kunihurumia.

"Tua hiyo debe," akasema. "Kuja nikuonyeshe bomba yako."

Tulipanda kinyume, kutoka bwawa la mwisho kwenda la kwanza, kutoka mbinguni kwenda kijani, kutoka kijani kwenda weusi, na mimi ambaye siku zote niliishia chini, nilikuwa sijawahi kufika kwenye mdomo wa bomba lenyewe. Mzee wa reki alikuwa pale akivuta matambara yaliyonasa. Bomba lilikuwa pana kiasi cha mtoto kulala ndani. Maji yalitoka kwa mkupuo, ya kijivu, yana joto, yana haraka. Niliona povu la sabuni, ganda la chungwa, bendeji, na mambo mengine ambayo hayakuhitaji kuelezwa kwa mtoto wa umri wowote.

"Mimi nafua shuka ya wagonjwa," Mama Candiru akasema. "Namwaga ndani ya tundu ya sakafu. Wewe nadhani inaenda wapi?"

Nikalitazama ganda la chungwa likizunguka.

"Hospitali iko hapa. Kambi ya askari iko hapa. Jela iko hapa. Wakubwa kule juu, wenye pampu yao na choo ya kuvuta mnyororo, wote iko hapa. Sisi watu ya Oli tu hatuko. Sisi tuko na shimo yetu. Yao tunapewa harufu."

Ilinipasa kuona kinyaa, na niliona, naomba mniamini. Lakini juu ya kinyaa kulikuja kitu kingine kikubwa zaidi, na hicho ndicho gari la juzi lilichoniletea dirishani. Mji mzima ulikuwa unapita mbele ya miguu yangu. Watu ambao magari yao yakipita tuliteremka mtaroni na kuangalia chini, watu ambao majina yao hayakutajwa ndani ya nyumba, walikuwa hapa, wamechanganyika na wafungwa wao na wagonjwa wa Mama Candiru, bila ving'ora, bila saluti, wakimwagika katika shimo moja jeusi. Na mzee mmoja na reki. Nikageuka nikatazama chini. Kule mwisho, mawingu yaleyale yalikuwa yakipita ndani ya maji, na bata alikuwa akifundisha watoto wake kuogelea.

"Nani nasafisha?" nikauliza.

"Hakuna mutu."

"Na huyu mzee?"

"Huyu natoa matambara na nalisha mbuzi yake." Mzee alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Mbuzi ndiyo kazi kubwa."

"Basi nani?"

Mama Candiru alitazama jua, akatazama majani, akapandisha mabega. "Jua. Upepo. Vidudu ya ndani. Mimi najua? Inakaa tu, inapona."

Nimesoma hadi sekondari. Nilifundishwa baadaye kuhusu vijidudu na hewa, nikapata alama, nikasahau. Lakini sijapata maelezo yaliyonisimamisha kama yale. Uchafu wa mji mzima, uweke juani, uuache utulie, unapona. Nilikuwa mdogo na sikuwa na maneno, ila nakumbuka niliinamisha kichwa mbele ya bwawa la kijani kama nilivyokuwa nikimwinamia yule mzee, na safari hii hakuna aliyetazama nyuma kuona ni nani.

Tulipofika chini, Mama Candiru aliyamwaga maji ya debe langu juu ya dodo. Halafu akaniweka sawa.

"Sikia. Haboba yako na soko yote nakula hii dodo. Wewe hapana sema ya dodo, mimi hapana sema ya udhu. Sawa?"

Lilikuwa pendekezo la haki kabisa na nilikubali. Lilidumu mpaka nusu ya njia.

Ni pale njiani nilipokumbuka mama. Kama maji yalikuwa najisi, udhu haukuwa udhu. Kama udhu haukuwa udhu, swala hazikuwa swala. Na kama swala hazikuwa swala, basi siku zote hizi Haboba aliinua mikono na hakuna aliyeishika upande wa pili, na mama yangu kule Koboko alikuwa ananing'inia kwenye hewa tupu, na aliyekata kamba ni mimi na debe langu la samli. Nikaanza kukimbia. Mimi, ambaye watoto wa mtaa waliniita kobe.

Haboba alikuwa akisuka, birika tupu kando yake ikingoja.

"Haboba," nikasema, "maji ikiwa na rangi muzuri, na harufu muzuri, inafaa?"

"Na ladha?"

"Ladha mimi hapana onja."

"Kwa nini?"

Nikatazama kawa ukutani, moja moja.

"Binti. Kwa nini hapana onja?"

"Niliogopa."

Sindano yake ikasimama. "Mutu naogopa kuonja kitu iko safi?"

Hapo nikajua kwamba ulimi wangu ulikuwa umeelewa tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyeupita kwa kura, mbili kwa moja. Nikalia, nikasema yote. Bomba, hospitali, jela, mnyororo. Nilipoanza kusema sikujua pa kukomea, kwa hiyo na dodo nikaisema.

Haboba hakunipiga. Alitema mate pembeni, kwa adabu, akafuta mdomo. Akasema, "Leta maji ya mto."

Nilileta, nikiwasukuma watu wazima. Aliisugua birika kwa majivu ndani na nje, akaoga, akabadili nguo, akatandika msala uani, maana ndani kulikuwa na joto.

"Zile zote," akasema. "Nairudia zote."

Sitaki kuwaambia ni rakaa ngapi, na sikuhesabu. Nilihesabu magoti tu. Kila aliposhuka yalilia kama mlango mkavu. Kila aliponyanyuka aliweka mkono juu ya kigoda, akasubiri, akajisukuma. Jua lilikuwa bado kali. Nilitaka kumshika mkono, lakini huwezi kumshika mtu aliye ndani ya swala, kwa hiyo nilikaa pale. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba habari kutoka Koboko ifike kabla hajamaliza. Niliamini akimaliza kwanza mama atapona, na ikifika kwanza, basi.

Mama Candiru akatokea uani na fungu la dodo mkononi. Akasimama.

"Bibi arusi iko nafanya nini saa hizi?"

"Iko narudia swala," nikasema.

Akanitazama. "Umesema."

"Nimesema."

"Na dodo?"

"Na dodo."

Akashusha pumzi. "Wewe hapana mutu ya kufanya biashara." Lakini hakuondoka, na hakucheka. Aliliweka fungu lake nyuma ya mlango, mahali lisipoonekana, akaketi kando yangu, akamtazama Haboba akishuka na kupanda.

Ndipo lori la tumbaku likasimama njiani. Nililijua, ni la rafiki wa baba. Nikaziba masikio. Dereva akaingia uani, akamwona Haboba yuko kwenye msala, akavua kofia, akamnong'onezea Mama Candiru, lakini kwa mnong'ono wa dereva wa lori, unaosikika hadi barabarani.

"Koboko iko salama. Mama amezaa. Mutoto ya kiume. Mama iko muzima, iko nakula."

Mgongo wa Haboba haukugeuka. Alikuwa amesujudu, na alikaa katika sijida ile muda mrefu kuliko zote.

"Lini?" Mama Candiru aliuliza.

"Ijumaa. Lori imekufa njiani, ndiyo nachelewa."

Ijumaa. Mimi na Mama Candiru tuligeuziana nyuso. Ijumaa nilichota zaidi. Ijumaa Haboba alijimiminia hospitali, na kambi, na jela, na wakubwa wote wa kule juu, akawapaka usoni, akainua mikono, na Koboko mtoto akalia. Mama Candiru alifungua mdomo. Nikamwomba kwa macho. Akaufunga, ingawa ilimgharimu.

Haboba akatoa salamu, kulia na kushoto. Mashavu yalikuwa yamelowa. Halafu akaweka mkono juu ya kigoda, akaanza kujisukuma tena.

"Haboba, amezaliwa," nikasema. "Imekwisha."

"Mutoto ni ya Mungu," akasema. "Swala ni yangu." Akasimama, akaendelea mpaka akamaliza.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza ni ipi iliyopokelewa, ya udongo, ya bwawa au ya mto. Alikuwa mzee sana, anasuka kwa kugusa. Alifikiri. "Mungu iko najua pampu imekufa," akasema, na hilo ndilo jibu nililonalo hadi leo. Birika yenyewe ninayo. Mpini umekatika, lakini haivuji.

Arobaini ilipokwisha mama alikuja na mtoto. Ua ulijaa wanawake, udi, vifijo. Mimi nilijibanza karibu na ukuta, sikutaka kumshika. Niliona kama mikono yangu bado ina kitu. Mama Candiru alikuja moja kwa moja kutoka bustanini, tope hadi magotini, na kwa kuwa Haboba alikuwa amekwisha kumsimulia kila kitu pamoja na habari ya ulimi wangu, wanawake waligeuka kungoja atasema nini. Akamchukua ndugu yangu kutoka kwa mama, akafungua nguo, akamgeuzageuza kwenye jua. Akatia pua yake shingoni mwa mtoto, akavuta. Kisha akavuka ua, akaniwekea mtoto mikononi, akasema: "Rangi iko muzuri. Harufu iko ya maziwa. Haya, mwoga, leo onja."